Nembo kwenye skrini ya kuingilia ya Linux: namna ya kuiweka bila kuharibu mashine

Umeme unakatika saa 10 alfajiri na kurudi baada ya nusu saa. Mtangazaji wa zamu anafika studio na kukuta kompyuta tatu zimewaka upya, zote zikionyesha skrini ileile ya kijivu yenye nembo ya mfumo na kisanduku cha neno la siri. Mojawapo ndiyo inayorusha matangazo hewani. Ya pili ni ya kuhariri vipindi. Ya tatu ni ya mapokezi. Zinafanana kama mapacha, na akikosea, wasikilizaji wa Dodoma, Bahi na Manyoni watasikia ukimya badala ya taarifa ya habari.

Hali hiyo ndiyo iliyotufanya tujifunze kubadilisha nembo kwenye skrini ya kuingilia ya kompyuta za Linux. Wengi huiona kazi hii kama mapambo. Kwetu imekuwa kama kibao cha mlangoni: humwambia mtu yuko kwenye mashine gani, ni ya nani, na ashike nini au asishike nini. Katika makala hii tunaeleza skrini hiyo inatokana na nini, nembo inawekwaje kwenye mifumo inayotumika zaidi, makosa gani huizuia isionekane, na ufanye nini skrini ikigoma kuja kabisa.

Skrini ya kuingilia ni nini

Kompyuta ya Linux inapowaka, hupita hatua kadhaa. Kwanza huja alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Kisha huja picha ya kuwakia, ambayo kwenye mifumo mingi husimamiwa na programu iitwayo Plymouth. Baada ya hapo ndipo inapokuja skrini ya kuingilia, yaani pale unapochagua jina lako na kuandika neno la siri. Hii ya mwisho husimamiwa na programu maalumu ambayo mafundi huiita meneja wa maonyesho.

Tunazitenganisha hatua hizi makusudi. Mtu anaweza kuhangaika siku nzima akibadilisha picha ya Plymouth huku akishangaa kwa nini skrini ya kuingilia haibadiliki. Ni programu mbili tofauti na mafaili yake ni tofauti.

Meneja wa maonyesho naye si mmoja. Ubuntu, Debian yenye mazingira ya GNOME, na Fedora hutumia GDM. Linux Mint na Xubuntu hutumia LightDM. Mifumo yenye mazingira ya KDE kwa miaka mingi imetumia SDDM. Mashine za zamani zinaweza kuwa na XDM. Kila mmoja ana faili lake la mipangilio na mahali pake pa kuandika njia ya nembo, kwa hiyo maelekezo ya mmoja hayafanyi kazi kwa mwingine.

Ilikotoka

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo hapakuwa na nembo ya kubadilisha. Mtumiaji alikutana na maandishi tu yaliyomtaka aandike jina lake na neno la siri. Kilichoweza kubadilishwa ni maneno ya salamu, na faili la maneno hayo bado lipo kwenye Linux ya leo: linaitwa /etc/issue, nalo huonekana kabla ya kuingia kwa njia ya maandishi. Faili la /etc/motd huonekana baada ya kuingia.

Picha zilikuja na mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanza mwaka 1984 katika chuo cha MIT. Mwaka 1988 mfumo huo ulipata XDM, programu ya kwanza ya kusimamia kuingia kwa njia ya picha. Katika miaka ya 1990 kampuni za Hewlett-Packard, IBM, Sun na nyingine zilikubaliana mazingira ya pamoja ya kazi yaliyoitwa CDE, nayo yalikuwa na skrini yake ya kuingilia iliyoonyesha nembo ya kampuni. Tangu hapo vyuo na mashirika makubwa yalizoea kuondoa nembo ya mtengenezaji na kuweka yao.

Linux ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya Linus Torvalds wa Finland. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Tunautaja kwa sababu unatukumbusha kwamba programu huria haikuja ili tuitumie ilivyo tu. Leseni zake zinaturuhusu kuibadilisha, kuanzia lugha hadi nembo.

Kabla ya kugusa chochote

Kuna mambo manne ya kufanya kwanza.

La kwanza, hakikisha una ruhusa. Kazi hii inahitaji mamlaka ya msimamizi, yaani amri ya sudo. Kama kompyuta ni ya ofisi ya umma, zungumza na afisa TEHAMA wa taasisi yako kabla ya kuanza, kwa kuwa huenda kuna mwongozo wa mwonekano unaotakiwa kufuatwa.

La pili, jua unatumia meneja gani. Fungua dirisha la kuandikia amri na uandike:

systemctl status display-manager

Mstari wa juu utakuonyesha jina: gdm, lightdm au sddm. Kwenye Debian na jamaa zake unaweza pia kusoma faili hili:

cat /etc/X11/default-display-manager

La tatu, weka nakala ya faili la asili, nje ya folda lake. Sisi tunatumia folda moja kwa mashine zote:

sudo mkdir -p /root/akiba

Usiache nakala kwenye folda lilelile la mipangilio. Baadhi ya programu husoma kila faili lililomo, hivyo nakala yako ya zamani inaweza kugombana na mpya.

La nne ni muhimu kuliko yote kwa kituo cha redio. Ili mabadiliko yaonekane, meneja wa maonyesho lazima awashwe upya. Kumwasha upya hufunga kila kilichokuwa wazi kwenye skrini ya mtumiaji: muziki unaopigwa, habari inayohaririwa, barua isiyohifadhiwa. Ukifanya hivyo kwenye kompyuta ya hewani wakati wa kipindi, umekata matangazo kwa mkono wako mwenyewe. Fanya kazi hii baada ya kufunga matangazo au baada ya kuhamishia matangazo kwenye mashine ya akiba, na usiianze ukiwa umebakiza dakika chache kabla ya kipindi.

Kuandaa picha

Nembo nzuri ya skrini ya kuingilia ni ndogo, iko wazi, na haina mandharinyuma. Tumia faili la PNG lenye uwazi nyuma ya mchoro. Nembo ya JPG itakuja na kisanduku cheupe kinachoonekana kama kiraka kwenye skrini yenye rangi nzito.

Kwa GDM, urefu wa kwenda juu wa pikseli 48 hadi 64 unatosha. Nembo kubwa inaweza kusukuma au kufunika vitu vingine. Kama una programu ya ImageMagick, amri hii hupunguza picha hadi pikseli 64 kwenda juu bila kuharibu uwiano wake:

convert nembo.png -resize x64 nembo-redio.png

Unaweza pia kutumia GIMP au Inkscape, ambazo ni za bure.

Kisha weka picha mahali ambapo meneja wa maonyesho anaweza kuisoma. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Skrini ya kuingilia haiendeshwi na wewe. Inaendeshwa na mtumiaji wa ndani wa mfumo, mwenye jina kama gdm au lightdm, na huyo hana ruhusa ya kufungua folda lako la nyumbani. Ukiacha nembo kwenye Desktop au Downloads, wewe unaiona, yeye haioni, na skrini itakuja bila nembo wala maelezo ya kosa. Ni sawa na kumwachia mgeni zawadi ndani ya chumba ulichofunga kwa ufunguo.

Iweke hivi:

sudo mkdir -p /usr/local/share/pixmaps
sudo cp nembo-redio.png /usr/local/share/pixmaps/
sudo chmod 644 /usr/local/share/pixmaps/nembo-redio.png

Namba 644 ina maana msimamizi anaweza kuandika na wengine wote wanaweza kusoma. Tumechagua /usr/local kwa sababu masasisho ya mfumo hayagusi folda hilo. Kuna anayefuta nembo ya mfumo na kuweka yake kwa jina lilelile ndani ya /usr/share. Itafanya kazi hadi sasisho lijalo, kisha nembo ya zamani itarudi na hatajua kwa nini.

Debian na Ubuntu zenye GDM

Weka nakala, kisha fungua faili la mipangilio:

sudo cp /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults /root/akiba/
sudo nano /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults

Tafuta sehemu ya skrini ya kuingilia. Mistari mingi huanza na alama ya reli (#), ambayo huifanya ipuuzwe. Ondoa alama hiyo pale unapotaka mstari ufanye kazi, na uache mistari hii:

[org/gnome/login-screen]
logo='/usr/local/share/pixmaps/nembo-redio.png'
banner-message-enable=true
banner-message-text='Kompyuta ya HEWANI. Ni ya mtangazaji wa zamu tu.'

Hakikisha mstari wenye mabano ya mraba nao hauna alama ya reli, la sivyo mipangilio iliyo chini yake itasomwa kama ya sehemu nyingine. Mistari miwili ya mwisho huweka ujumbe mfupi pamoja na nembo. Kwa kuwa tafsiri ya Kiswahili ya GNOME haijakamilika, ujumbe huu ndiyo nafasi yako ya kuzungumza na watu wako kwa lugha yao.

Ukitaka majina ya wafanyakazi yasiorodheshwe kwa kila apitaye mbele ya skrini, ongeza mstari huu:

disable-user-list=true

Kila mtu atalazimika kuandika jina lake mwenyewe. Kwa kompyuta ya mapokezi tunaona hilo ni jambo jema.

Hifadhi, funga kazi zote, kisha washa upya:

sudo systemctl restart gdm3

Fedora na jamaa zake

Hapa mipangilio huandikwa kwenye faili jipya unalolitengeneza. Kwanza hakikisha faili la /etc/dconf/profile/gdm lipo na lina mistari hii mitatu:

user-db:user
system-db:gdm
file-db:/usr/share/gdm/greeter-dconf-defaults

Kisha tengeneza /etc/dconf/db/gdm.d/01-nembo na uandike sehemu ileile ya [org/gnome/login-screen] pamoja na mstari wa logo. Maliza kwa amri hii:

sudo dconf update

Bila amri hiyo hakuna kitakachobadilika, hata ukiwasha mashine mara kumi. Folda la gdm.d ni miongoni mwa yale yanayosomwa faili kwa faili, kwa hiyo usiweke nakala za akiba humo.

Linux Mint na mifumo ya LightDM

Linux Mint ina njia rahisi: kwenye mipangilio ya mfumo kuna sehemu ya dirisha la kuingilia, ambapo unachagua picha kwa kubofya tu. Anayependa kuandika mwenyewe afungue /etc/lightdm/slick-greeter.conf na kuweka:

[Greeter]
logo=/usr/local/share/pixmaps/nembo-redio.png
background=/usr/local/share/pixmaps/ukuta-hewani.png
draw-user-backgrounds=false

Mstari wa mwisho huzuia picha ya ukutani ya mtumiaji isichukue nafasi ya picha yako ya nyuma. Angalia pia kwamba hapa njia ya faili haiwekwi ndani ya alama za kunukuu kama kwenye GDM.

Xubuntu na mifumo mingine inayotumia skrini ya GTK husoma /etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf. Hiyo haina mstari wa nembo. Suluhisho ni kuchora nembo ndani ya picha ya nyuma yenyewe, kwa ukubwa sawa na skrini, kisha kuitaja kwenye mstari wa background. Iweke pembeni, kwa sababu katikati kuna kisanduku cha neno la siri kitakachoifunika.

Mifumo ya KDE yenye SDDM

SDDM hutumia mandhari zinazokaa ndani ya /usr/share/sddm/themes. Usihariri faili la theme.conf la mandhari. Tengeneza faili jingine pembeni yake liitwe theme.conf.user, na humo uandike tu unachotaka kubadilisha. SDDM husoma la kwanza kisha la pili, na la pili ndilo linaloshinda.

Faida kubwa ya SDDM ni kwamba unaweza kuona matokeo bila kufunga kazi yako:

sddm-greeter --test-mode --theme /usr/share/sddm/themes/breeze

Kwenye mifumo mipya programu hiyo inaitwa sddm-greeter-qt6. Dirisha la majaribio litafunguka, utaangalia nembo imekaaje, kisha utalifunga.

Mashine za zamani

Kuna maabara za vyuo na ofisi ambazo bado zina mashine kongwe. Kwa XDM, faili ni /etc/X11/xdm/Xresources. Mstari wa xlogin*greeting hubadilisha maneno ya salamu, na mstari wa xlogin*logoFileName hutaja picha, ambayo huwa ya aina ya XPM.

Kwa CDE, kama iliyokuwa kwenye mashine za Solaris, nakili /usr/dt/config/C/Xresources kwenda /etc/dt/config/C/Xresources, kisha uhariri nakala hiyo. Nembo hutajwa kwenye mstari wa Dtlogin*logo*bitmapFile, na salamu kwenye Dtlogin*greeting*labelString. Kanuni ni ileile ya leo: ya kiwandani huiachi ikaharibika, unafanya kazi kwenye nakala iliyo chini ya /etc.

Ng' iliyotunyima skrini

Sasa kosa letu wenyewe, ambalo tunalieleza ili lisikupate. Kwenye kompyuta ya hewani, iliyokuwa na GDM, tuliandika ujumbe huu:

banner-message-text='Kompyuta hii iko hewani. Using'oe waya wowote.'

Ujumbe ulikuwa mzuri na Kiswahili chake sahihi. Tatizo ni kitone cha juu kwenye ng'oe. Kompyuta haijui kwamba hiyo ni sehemu ya herufi. Kwake alama ile ndiyo mwisho wa maneno, na kilichobaki, kuanzia oe hadi mwisho, ni takataka. Faili lenye kosa la namna hiyo huweza kukataliwa lote, nembo ikapotea pamoja na ujumbe. Kwetu skrini ya kuingilia haikuja kabisa. Tulibaki na kioo cheusi alfajiri, huku taarifa ya kwanza ya asubuhi ikisubiriwa.

Maelekezo tuliyokuwa tumesoma yaliandikwa na watu wasio na ng' katika lugha yao, hivyo hawakuwa na sababu ya kulitaja hili. Sisi tunayo: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'aa, na majina ya maeneo yetu kama Ng'hong'honha. Dawa yake ni kutumia alama mbili za kunukuu badala ya moja:

banner-message-text="Kompyuta hii iko hewani. Using'oe waya wowote."

Kuna jamaa yake wa karibu. Ukinakili mistari kutoka kwenye ujumbe wa simu au programu ya kuandikia barua, alama zilizonyooka hugeuzwa kuwa zilizopinda. Kwa jicho ni zilezile, kwa kompyuta ni kitu kingine. Andika alama hizo mwenyewe kwa kibodi.

Skrini isipokuja

Usizime mashine kwa hasira. Mara nyingi Linux iko hai nyuma ya kioo cheusi, ila sehemu ya picha ndiyo iliyogoma. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utaletewa skrini ya maandishi, kama ile ya Unix ya zamani. Andika jina lako, kisha neno la siri. Herufi za neno la siri hazitaonekana unapoandika, na hiyo ni kawaida.

Rudisha faili la asili na uwashe upya:

sudo cp /root/akiba/greeter.dconf-defaults /etc/gdm3/
sudo systemctl restart gdm3

Kama hukujua kosa liko wapi, amri hii huonyesha maelezo ya meneja wa maonyesho tangu mashine iwake:

journalctl -b -u gdm

Sisi tulitumia njia hii hii. Kazi ya kurudisha ilituchukua dakika chache kwa sababu nakala ilikuwepo. Bila nakala tungekuwa tunatafuta mstari mbaya ndani ya faili refu, usingizi ukiwa bado machoni.

Kama skrini imekuja ila nembo haipo, kagua mambo matatu kwa mpangilio: njia ya faili imeandikwa sawasawa, herufi kubwa na ndogo zikiwa mahali pake; ruhusa ya faili ni 644; na folda zote zinazopitiwa hadi kulifikia zinaruhusu wengine kupita.

Jambo jingine linalochanganya: kwenye GNOME nembo huonekana pale unapoingia mara ya kwanza, si pale mtumiaji anapofunga skrini yake na kwenda kunywa chai. Na kama kompyuta imepangwa kuingia yenyewe bila kuuliza neno la siri, kama zinavyopangwa baadhi ya mashine za kurushia matangazo, skrini hiyo haitaonekana kabisa baada ya umeme kurudi. Hapo alama ya kutofautisha iweke kwenye picha ya ukutani ya mtumiaji huyo.

Nembo si kufuli

Nembo inatambulisha, hailindi. Ni moja ya hila za zamani zaidi kwenye Unix: mtu anaandika programu ndogo inayofanana na skrini ya kuingilia, anaiacha ikiwa wazi kwenye mashine ya pamoja, kisha anaondoka. Ajaye anaandika jina na neno la siri, anaambiwa amekosea, programu inajifunga, na skrini halisi inakuja. Anadhani vidole viliteleza. Siri yake imeshachukuliwa.

Kuweka nembo ya ofisi hakuzuii hila hiyo, kwa kuwa picha yoyote inaweza kunakiliwa. Kwa hiyo tusiwafundishe wafanyakazi kwamba penye nembo yetu ni salama. Tuwafundishe kwamba ukikuta mashine ya pamoja ikiwa wazi na huna hakika nani aliitumia, iwashe upya kwanza, isipokuwa kama ndiyo iliyo hewani. Na kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja ya watu wote, yenye neno la siri lililobandikwa ukutani, haiokolewi na nembo yoyote.

Upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria kuwa kosa. Ujumbe ulio wazi kwenye skrini, unaosema mashine ni ya nani na nani anaruhusiwa, humwondolea mtu kisingizio cha kutojua. Uandike kwa lugha nyepesi na usitishe watu. Sentensi mbili zinatosha.

Tahadhari nyingine ni kuhusu nembo yenyewe. Weka ile ambayo ofisi yako ina haki ya kuitumia. Nembo ya Taifa, ile wengi tunayoiita ya bibi na bwana, ina taratibu zake na si ya kupakua mtandaoni na kubandika kwenye kompyuta ya duka la kuchapa barua. Anayeiona huamini anahudumiwa na serikali.

Tulivyopanga sisi

Baada ya kujifunza kwa shida, tulikubaliana mpango mdogo. Mashine ya hewani ina nembo ya kituo juu ya nyekundu. Ya kuhariri ina kijani. Ya mapokezi ina buluu. Chini ya kila nembo kuna neno moja kubwa: HEWANI, UHARIRI, MAPOKEZI. Hatukutegemea rangi pekee, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kioo kikishavaa vumbi la kiangazi rangi zote husogeleana.

Mafaili ya nembo na mipangilio tumeyaweka pia kwenye flashi moja iliyofungiwa kabatini, pamoja na karatasi yenye amri tulizozitaja hapa. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anapofika, jambo la kwanza anaonyeshwa skrini tatu na kuulizwa ipi ni ipi. Hadi sasa hakuna aliyeshindwa kujibu.

Ukiwa na kompyuta moja nyumbani, haya yote yanaweza kuwa mapambo tu, na mapambo si dhambi. Ukiwa na mashine zinazotumiwa na watu wengi, shuleni, zahanati au studio, anza na nakala ya faili la asili, chagua saa ambayo hakuna kazi inayoendelea, na uiangalie vizuri kila ng' kabla hujabonyeza kuhifadhi.